Jinsi ya Kubishana kwa Hoja kuhusu Watunzi na Bendi za Roki za Australia

Mabishano kuhusu roki ya Australia huharibika mapema kwa sababu watu hutaja majina kabla hawajakubaliana wanapima nini. Mmoja anasema AC/DC, kwa kuwa dunia nzima inawajua. Mwingine anasema Paul Kelly, kwa kuwa nyimbo zake zinaimbwa majumbani. Wa tatu anasema Nick Cave, kwa kuwa wasomi wanamwandikia makala ndefu. Wote watatu wanaweza kuwa na haki, na bado hakuna hata mmoja wao aliyemjibu mwenzake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuendesha mjadala huo ili wanaobishana waondoke wamesikia kitu ambacho hawakukisikia kabla. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: mtunzi hupimwa kwa wimbo mmoja uliosikilizwa hadi mwisho, na hoja isiyoweza kuonyeshwa ndani ya wimbo haina nafasi mezani.

Uliza kwanza nani aliutunga

Hatua hii wabishi wengi huiruka, nayo ndiyo inayowaangusha. Wimbo "You're the Voice", uliotolewa na John Farnham mwaka 1986, umekuwa kama wimbo wa pili wa taifa la Australia, na umati huuimba viwanjani kwa sauti moja. Hata hivyo, waandishi wake wanne hawakuwa Waaustralia. Vivyo hivyo "The Horses", uliompandisha Daryl Braithwaite hadi kileleni mwa chati za nchi hiyo mwaka 1991, ulitungwa na Wamarekani wawili, Rickie Lee Jones na Walter Becker. Ukizileta nyimbo hizi kuwa ushahidi wa ubora wa watunzi wa Australia, mpinzani makini atakumaliza kwa sentensi moja. Zilete kuwa ushahidi wa uimbaji, au wa namna umma unavyoweza kuuchukua wimbo wa mgeni na kuufanya wake, na hapo utasimama imara.

Kwa hiyo soma majina ya watunzi yaliyoandikwa kwenye jalada la albamu kabla hujatoa hukumu. Sura ya Midnight Oil ni Peter Garrett, yule bwana mrefu mwenye upara aliyeingia bungeni mwaka 2004 na baadaye akawa waziri, na watu wengi humhesabia yeye kila kitu ambacho bendi hiyo ilifanya. Majina ya watunzi yanasema vingine: Rob Hirst, aliyekuwa anapiga dramu, na Jim Moginie, mpiga gitaa na kinanda, wametajwa katika nyimbo kubwa za bendi hiyo, ikiwemo "Beds Are Burning". Mtu anayemsifu Garrett kwa utunzi bila kuwataja hao wawili anajadili picha za jukwaani, hajafika kwenye utunzi. Katika INXS, nguzo ya utunzi ilikuwa Andrew Farriss upande wa muziki na Michael Hutchence upande wa maneno. Katika Cold Chisel, sauti ya moto ilikuwa ya Jimmy Barnes, lakini sehemu kubwa ya nyimbo zilizowajengea jina ilitoka kwa Don Walker, mtu mpole aliyeketi nyuma ya kinanda. Hunters & Collectors walichagua njia nyingine kabisa, wakawa wanagawana jina la utunzi bendi nzima, jambo linalomlazimu mbishi kuijadili bendi hiyo kama mtunzi mmoja mwenye mikono mingi.

Chrissy Amphlett wa Divinyls anastahili kutajwa hapa kwa namna ya pekee, kwa sababu katika mijadala mingi anajadiliwa kwa sare ya shule aliyoivaa jukwaani na kwa ukali wake mbele ya umati, halafu mazungumzo yanahamia kwa wanaume. Aliandika nyimbo za bendi yake pamoja na mpiga gitaa Mark McEntee, na "I Touch Myself" waliuandika wawili hao wakishirikiana na Wamarekani Billy Steinberg na Tom Kelly. Mtu akikuambia kuwa yeye alikuwa mwimbaji tu, mwombe asome majina.

Kuna pia swali la mahali utunzi unapoishia na mapambo yanapoanzia, na mfano mzuri kuliko yote ni kesi ya "Down Under" wa Men at Work. Wimbo huo ulitungwa na Colin Hay na Ron Strykert, ukashika namba moja Marekani mwanzoni mwa mwaka 1983. Kipande kifupi cha filimbi kilichopigwa na Greg Ham kiliingizwa baadaye katika mpangilio wa bendi, na kilifanana na "Kookaburra", wimbo wa watoto ulioandikwa na mwalimu Marion Sinclair katika miaka ya 1930. Kwa miongo miwili na zaidi hakuna aliyelalamika, mpaka swali moja katika kipindi cha chemshabongo cha televisheni mwaka 2007 lilipowafanya watu wasikilize upya. Mwaka 2010 mahakama iliamua kwamba hakimiliki ilikuwa imevunjwa na kwamba wenye haki za "Kookaburra" walipwe asilimia 5 ya mirabaha kuanzia mwaka 2002. Mbishi hodari anaweza kuitumia kesi hii pande zote mbili. Anaweza kusema kwamba utunzi wa Hay na Strykert unasimama wenyewe hata filimbi ikiondolewa, na wimbo ukiimbwa kwa gitaa pekee unathibitisha hivyo. Anaweza pia kusema kwamba ni filimbi hiyo iliyomfanya msikilizaji wa kwanza kabisa ageuke. Mimi niko upande wa kwanza, ingawa nakiri kuwa bila filimbi wimbo ule una huzuni nyingi zaidi kuliko watu wanavyoukumbuka.

Na kwa kuwa tumegusa suala la nani aliandika nini, isisahauliwe "Am I Ever Gonna See Your Face Again" wa The Angels, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Kila mwimbaji anapouliza swali lililomo katika kiitikio, umati hujibu kwa matusi ya nguoni, kwa pamoja na kwa furaha kubwa. Maneno hayo hayakuandikwa na mtunzi yeyote na hayamo katika rekodi ya kwanza, lakini leo Mwaustralia akiusikia wimbo bila jibu hilo ataona umekatwa.

Kubalianeni nani ahesabiwe kuwa wa Australia

Msipolimaliza hili mwanzoni litarudi kila baada ya dakika kumi. The Easybeats, waliotoa "Friday on My Mind" mwaka 1966, walikutana katika hosteli ya wahamiaji ya Villawood, Sydney: Harry Vanda na Dick Diamonde walitoka Uholanzi, George Young alitoka Uskoti, Stevie Wright na Snowy Fleet walitoka Uingereza. Wadogo zake George, Malcolm na Angus, waliozaliwa Glasgow, ndio walioanzisha AC/DC huko Sydney mwaka 1973. Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC hadi mwaka 1980, alizaliwa Uskoti, na Jimmy Barnes na Colin Hay vilevile. Chris Bailey, mwimbaji wa The Saints wa Brisbane, alizaliwa Nanyuki, Kenya, mwaka 1956, kwa wazazi wa Kiayalandi, akakulia Belfast kabla familia haijahamia Queensland. Mwenzake Ed Kuepper alizaliwa Ujerumani. Mkitumia cheti cha kuzaliwa kuwa kipimo, roki ya Australia karibu yote itawaponyoka mikononi.

Kipimo ninachopendekeza ni mahali bendi ilipojifunzia kazi: ilipiga wapi kila wiki, mbele ya nani, na ikawa bendi ya aina gani kwa sababu ya watu hao. Kwa kipimo hicho AC/DC ni wa Australia bila ubishi, hata kama mwimbaji wao tangu mwaka 1980, Brian Johnson, ni Mwingereza. Nick Cave, aliyezaliwa Warracknabeal katika jimbo la Victoria na kufanya kazi yake kubwa Berlin na London, anabaki ndani, kwa kuwa bendi yake ya awali, The Birthday Party, ilikwisha kukomaa Melbourne kabla haijapanda ndege. Crowded House ndio wagumu. Mtunzi wao mkuu, Neil Finn, ni mtu wa New Zealand, lakini bendi iliundwa Melbourne mwaka 1985, na Paul Hester na Nick Seymour walikuwa Waaustralia. Nchi hizo mbili zinaigombania bendi hiyo kama zinavyoigombania keki ya pavlova, na ushauri wangu ni kuiruhusu bendi iingie mjadalani lakini kumwacha Finn nje mnapolinganisha watunzi binafsi.

Zijue baa zilizowalea

Ni vigumu kuelewa kwa nini roki ya Australia ya miaka ya 1970 na 1980 inapiga kwa nguvu namna ile bila kujua ilipigiwa wapi. Kwa miongo kadhaa sheria ziliamuru baa zifungwe saa kumi na mbili jioni; New South Wales iliiondoa amri hiyo mwaka 1955, Victoria mwaka 1966, na Australia Kusini mwaka 1967. Baada ya hapo baa kubwa za vitongojini zilikuwa na ukumbi, usiku mrefu na wateja wengi vijana, na bendi ndizo zilizoletwa ili wateja wabaki wakinywa. Wateja hao hawakuja kusikiliza. Walikuja kunywa, na bendi iliyoshindwa kuwashika katika wimbo wa kwanza ilijua mara moja kwamba imeshindwa. Mazingira hayo yaliwapa thawabu watunzi wenye kiitikio kinachoshikika kwa kusikia mara moja, midundo isiyoyumba, na maneno yanayosikika juu ya kelele za glasi.

Katika mjadala, maarifa haya hukusaidia kuwajibu wanaosema AC/DC ni wepesi mno kuitwa watunzi. Wepesi wao ulichongwa. Sikiliza gitaa la Malcolm Young peke yake katika "Back in Black" uone ukimya unaoachwa kati ya mapigo. Kishindo cha wimbo kinatoka katika nafasi hizo tupu, na bendi nyingi zilizojaribu kumwiga zimezijaza na kuuharibu mdundo. Kisha sikiliza maneno ya Bon Scott katika "It's a Long Way to the Top" wa mwaka 1975, ambayo ni orodha ya shida za mwanamuziki wa barabarani iliyoandikwa kwa utani mkavu, huku yeye mwenyewe akipuliza zumari ya Kiskoti, ile yenye mfuko wa hewa, katikati ya magitaa ya umeme. Scott alifariki London mwezi Februari 1980. Naona baada yake bendi ilibaki na nguvu yake yote na kupoteza ucheshi wake, na hoja hii unaweza kuithibitisha kwa kuweka albamu za pande mbili hizo ubavu kwa ubavu.

Lakini usikubali mtu aseme kwamba baa ndiyo roki yote ya nchi hiyo. Kule Brisbane, chini ya serikali ya Joh Bjelke-Petersen iliyotawala Queensland tangu mwaka 1968 hadi 1987 na iliyojulikana kwa polisi wake wakali na kupiga marufuku maandamano, The Saints walirekodi "(I'm) Stranded" na kuutoa wenyewe mwezi Septemba 1976. Hapa chunga ulimi. Ukisema The Saints walibuni panki, utajibiwa kwamba albamu ya kwanza ya Ramones ilikuwa imetoka New York mwezi Aprili mwaka huohuo. Sema badala yake kwamba wimbo huo ulitangulia wa kwanza wa The Damned, uliotoka Oktoba, na wa kwanza wa Sex Pistols, uliotoka Novemba, na kwamba vijana hao wa vitongoji vya Brisbane walifika hapo bila kuwangoja Waingereza. Dai dogo lenye tarehe linashinda dai kubwa lisilo nayo.

Sikilizeni wimbo mmoja, kisha mbishane

Hapa ndipo mjadala unapostahili kutumia muda wake mwingi. Kila upande uchague wimbo mmoja, uchezwe mzima kwa wote, na mtoa hoja aonyeshe kwa kidole, kana kwamba anaonyesha mstari kitabuni, kile ambacho mtunzi amefanya.

Chukua "Khe Sanh" wa Cold Chisel, uliotungwa na Don Walker na kutolewa mwaka 1978. Anayesimulia ni askari wa Australia aliyerudi kutoka Vietnam na kushindwa kutulia: anafanya kazi kwenye mtambo wa mafuta, anarusha helikopta anapopata nafasi, anapita mikononi mwa wanawake asiowakumbuka vizuri, na daima kuna ndege nyingine ya kupanda. Mambo matatu yanafaa kuonyeshwa. La kwanza ni kwamba jina la wimbo, ambalo ni la uwanja wa mapigano huko Vietnam, linatajwa katika mstari wa kwanza tu, halafu halirudi tena. Vita viko nyuma, na beti zote zinazofuata ni matokeo yake. La pili ni kwamba wimbo hauna kiitikio cha kawaida, jambo la ajabu kwa bendi iliyolelewa na baa, na bado umati wa baa uliukariri wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. La tatu ni kwamba piano na mdundo vinachangamka kama muziki wa safari njema, wakati maneno yanasema mtu huyu hana pa kufika. Mpinzani anaweza kukujia na historia: mapigano ya Khe Sanh ya mwaka 1968 yalikuwa hasa ya kikosi cha Marine cha Marekani, na si mahali ambapo askari wa miguu wa Australia walipigania vita vyao. Ni hoja halali na usiikwepe. Mjibu kwamba kosa la ramani halijafuta ukweli wa hali ya mtu aliyerudi, na umuulize kama maveterani waliouchukua wimbo huo kuwa wao walidanganyika.

Sasa uweke ubavuni mwake "How to Make Gravy" wa Paul Kelly, wa mwaka 1996. Huu nao hauna kiitikio. Ni barua ya mfungwa aitwaye Joe, anayomwandikia ndugu yake Dan tarehe 21 Desemba, akijua kwamba hatakuwepo nyumbani Krismasi. Anawataja jamaa mmoja mmoja na wanakotoka, anakumbuka joto la msimu, na katikati ya barua anatoa maelekezo ya mchuzi mzito wa kumwagia nyama: unga, chumvi, divai nyekundu kidogo, na sosi ya nyanya ya kuongeza utamu. Angalia jinsi Kelly asivyomruhusu Joe aseme waziwazi kwamba anaogopa kusahaulika. Hofu hiyo inatoka pembeni, Joe anapoanza kumwonea wivu ndugu yake kwa dansi ambayo bado haijachezwa, na kisha anaomba radhi kwa wivu huo ndani ya barua hiyohiyo. Maelekezo ya mchuzi ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kuwa na kazi katika familia. Mtu akikuambia Kelly ni mwepesi kwa sababu anatumia maneno ya jikoni, mpe wimbo huu na unyamaze. Nikilazimishwa kuchagua, nitasema Walker ni mkali zaidi katika mstari mmoja mmoja, na Kelly ni bora zaidi katika kuusimamisha wimbo mzima bila kujionyesha. Na ubishi kati ya hao wawili ndio ninaouona kuwa mtamu kuliko wa bendi yoyote dhidi ya bendi nyingine.

Mfano wa tatu unahusu muziki kuliko maneno. "Cattle and Cane" wa The Go-Betweens, uliotoka mwaka 1983, uliandikwa na Grant McLennan akiwa London, kwa gitaa la Nick Cave, akiikumbuka Queensland ya utoto wake: mvulana wa shule anarudi nyumbani kupitia mashamba ya miwa, kisha anakuwa kijana wa mjini na vitabu vyake. Waambie wasikilizaji wahesabu mapigo ya beti. Watafika kumi na moja, yakigawanyika tano, mawili, manne, na mguu unaotaka kugonga sakafu utapotea njia kila mara. Lindy Morrison anayabeba mapigo hayo kwenye dramu bila kuyalazimisha yawe sawa, na ndiyo sababu kumbukumbu katika wimbo huo inajikwaa kidogo, kama mtu anayesita kabla ya kusema jina la marehemu. Mwishoni Robert Forster, mtunzi mwingine wa bendi hiyo, anaingia na maneno yake mwenyewe ya kusemwa, tofauti na ya McLennan. Katika baa ya mwaka 1983 wimbo huu usingedumu ubeti mmoja. Hilo ni kasoro ya mtunzi au ya baa? Swali hilo peke yake linaweza kuwashughulisha watu hadi usiku wa manane.

Tumia takwimu kwa kiasi

Mauzo huthibitisha kwamba watu walinunua. Albamu "Back in Black" ya AC/DC imethibitishwa kwa zaidi ya nakala milioni 25 Marekani pekee, wakati "Khe Sanh" haukuvuka nafasi ya 41 katika chati za nyumbani ulipotoka, kwa sehemu kwa sababu ulizuiwa katika redio za biashara kwa maneno yake kuhusu ngono na dawa za kulevya. Kura nazo zitajwe pamoja na waliopiga. Mwaka 2001 chama cha haki za watunzi, APRA, kilipoadhimisha miaka 75, "Friday on My Mind" uliwekwa wa kwanza katika orodha yake ya nyimbo bora za Australia. Mwaka 2025 wasikilizaji wa redio ya triple j walipochagua nyimbo 100 za Australia, wa kwanza alikuwa "Never Tear Us Apart" wa INXS. Waliopiga kura ni watu tofauti, katika miaka tofauti, wakiulizwa maswali yasiyofanana. Asiyesema hayo anaponukuu matokeo anatumia namba kama rungu.

Msiwaache nje wenye ardhi

Mijadala mingi kuhusu roki hii huisha bila kumtaja mwanamuziki hata mmoja wa wenyeji asilia, au huwataja mwishoni kwa heshima baridi. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kiutunzi kabla ya kuwa kosa la adabu, kwa sababu baadhi ya maswali magumu kuhusu wimbo hujibiwa huko. Warumpi Band ya Papunya, magharibi mwa Alice Springs, ilitoa "Jailanguru Pakarnu" mwaka 1983, wimbo wa kwanza wa roki kutolewa katika lugha ya Waaborijini, ukiwa katika Kiluritja. Neil Murray wa bendi hiyohiyo ndiye aliyeandika "My Island Home", uliofikishwa kwa umma mpana na Christine Anu mwaka 1995. Mwaka 1986 Midnight Oil walizunguka na Warumpi Band katika vijiji vya jangwani, na safari hiyo ndiyo iliyozaa albamu "Diesel and Dust" ya mwaka uliofuata. Basi mtu anapoisifu "Beds Are Burning", mwulize bendi hiyo ililisikia wapi dai la ardhi lililomo ndani yake.

"Treaty" wa Yothu Yindi, bendi iliyoongozwa na wenyeji asilia, wa mwaka 1991, ni uwanja mzuri wa kubishania. Chanzo chake ni ahadi ya mkataba kati ya serikali na wenyeji asilia, aliyoitoa Waziri Mkuu Bob Hawke huko Barunga mwaka 1988, ambayo haikutimizwa. Mandawuy Yunupingu na wenzake waliuandika pamoja na Paul Kelly na Peter Garrett wa Midnight Oil, lakini ulivuma baada ya kutengenezwa upya kwa ajili ya kumbi za dansi, toleo ambalo liliondoa sehemu kubwa ya maneno ya Kiingereza na kuacha yale ya Kiyolngu, lugha ya jamii ya Yunupingu. Je, hoja ya kisiasa ilipotea au ilipata nguvu? Wako wanaosema watu walicheza bila kujua wanachokicheza. Mimi naona lugha ile kupigwa kila klabu mjini ilikuwa hoja yenyewe. Kwa upande wa masimulizi, linganisheni "From Little Things Big Things Grow" wa Kelly na Kev Carmody, unaohadithia Vincent Lingiari na Wagurindji, jamii ya wenyeji asilia, waliogoma katika ranchi ya Wave Hill mwaka 1966, na "Took the Children Away" wa Archie Roach, wa mwaka 1990, ulioandikwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alichukuliwa utotoni na serikali kutoka kwa wazazi wake. Wa kwanza unasimulia kwa mbali, ubeti baada ya ubeti, kama mzee anayewapa watoto historia. Wa pili unaanza kwa kundi na taratibu unamfikia msemaji mwenyewe. Hapa mtajadili kama aliyepatwa na jambo anaandika vizuri kuliko aliyelisikia, na nawashauri msijibu haraka.

Namna ya kuuendesha usiku wenyewe

Watu wanne hadi sita wanatosha, na spika nzuri ni muhimu kuliko vinywaji. Kila mmoja aje na wimbo mmoja na jina la mtunzi, si jina la bendi. Wimbo uchezwe kabla ya hoja, kwa kuwa anayesikia hoja kwanza husikiliza wimbo akitafuta kile alichoambiwa. Mpinzani apewe nafasi ya kueleza hoja ya mwenzake kwa maneno ambayo mwenzake atayakubali, ndipo aivunje. Hairuhusiwi kusema "huelewi kwa sababu hukuwepo", kwani wengi wetu hatukuwepo katika baa za Sydney mwaka 1978, na rekodi zipo.

Pangeni jozi zinazofanana kiasi cha kuleta ubishi. Kelly kwa Walker nimeshaitaja. McLennan wa Brisbane kwa David McComb wa The Triffids wa Perth ni jozi nyingine nzuri: "Wide Open Road", wa mwaka 1986, unatumia upana wa nchi kuwa kipimo cha upweke, na nao kama ule wa McLennan ni kazi ya mtu aliyeiona nchi yake vizuri akiwa mbali nayo. Skyhooks, ambao mwaka 1974 mpiga besi wao Greg Macainsh alithubutu kutia majina ya mitaa ya Melbourne kama Carlton, Balwyn na Toorak katika nyimbo, wapambanisheni na Courtney Barnett, ambaye karibu miaka 40 baadaye aliandika "Avant Gardener", masimulizi ya mtu anayepatwa na shida ya pumzi akilima bustani siku ya joto. Msianze na AC/DC dhidi ya INXS. Jozi hiyo huwavutia wasiotaka kusikiliza, na ikishaanza hakuna wimbo utakaochezwa hadi mwisho.